Kwa Nini Shimba Huchomwa na Sokoke Haichomwi?

Katika mabaraza ya vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kuna swali linaloulizwa karibu kila kiangazi, nalo si swali la mchezo. Mkulima husimama akasema hivi: "Kule Kwale, katika vilima vya Shimba, watu wa Serikali wenyewe hutia nyasi moto kwa ajili ya wanyama wa porini. Sisi hapa tukitia moto kichaka cha mpakani, twashikwa. Je, moto wa Serikali hauunguzi?"

Somo la mwezi huu ni kulijibu swali hilo, kwa maana mtu asiyejibiwa huendelea na desturi yake. Twawaandikia hasa ndugu waliopewa mashamba katika skimu za makazi za Gede, Tezo na Roka, Ngerenya, Mtondia na Magarini, ambao wengi wao walianza kazi kwa panga na kiberiti, na hata leo huona ya kuwa shamba halijawa shamba mpaka litoe moshi.

Moto ni ule ule mmoja. Nchi ndizo mbili. Nchi ya nyasi imezoea moto, na pengine yauhitaji; nchi ya msitu wa pwani haikuuzoea, na ikichomwa haiponi upesi. Mtu asiyetofautisha nchi hizi mbili ataharibu ya pili akidhani anaifanyia kama wataalamu wanavyoifanyia ya kwanza.

PALAHALA NA NYASI ZAKE

Vilima vya Shimba viko kusini-magharibi ya Mombasa, umbali wa kilomita 30 hivi, nyuma ya pwani ya Diani. Mwaka 1968 vilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Sehemu yake ni msitu, na sehemu ni nyanda za nyasi ndefu zinazopata ukungu na mvua nyingi kuliko nchi ya chini. Katika nyanda hizo anaishi palahala, mnyama mkubwa wa jamii ya korongo, mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma kama jambia. Dume ni mweusi, jike ni wa hudhurungi. Katika Kenya nzima palahala hapatikani mahali pengine, na hesabu ya wanyama ya taifa ya mwaka 2021 iliwapata 51 tu. Mtu mwenye ng'ombe 51 huitwa tajiri kijijini kwake. Lakini ikiwa jamii nzima ya mnyama katika nchi ni 51, ugonjwa mmoja au kiangazi kimoja kibaya chaweza kuimaliza.

Palahala hula nyasi. Si kama paa wa vichakani, ambaye hudokoa majani ya miti na maua yaliyoanguka. Basi kila mfugaji ajua ya kuwa nyasi ikikomaa hugeuka ikawa kama makuti makavu: hujaza tumbo, lakini haitii mnyama nguvu wala haileti maziwa. Katika nchi yenye wanyama wengi wa kula nyasi, midomo yao huzifupisha nyasi hizo. Shimba wanyama wa namna hiyo ni wachache kuliko nyasi zenyewe. Nyasi hurefuka, hulala, huoza juu, na katikati yake huanza kuchipuka vichaka. Miaka ikipita bila mdomo na bila moto, uwanda hufunga ukawa kichaka, na palahala hana pa kwenda.

Hapo ndipo moto unapofaa. Mti huotea kwenye ncha za matawi, na moto ukizifikia ncha hizo mti umepata hasara ya miaka. Lakini nyasi nyingi za nyandani huotea chini, karibu na udongo au ndani yake, mahali ambapo moto mwepesi unaopita haufiki. Moto huondoa makapi ya juu, jua hufika chini, na baada ya manyunyu kidogo huchipuka majani mabichi, laini, yenye chakula kingi kuliko yale makavu. Palahala, nyati na wengineo huyafuata. Hiyo ndiyo maana ya kusema moto "hutengeneza malisho".

Hata hivyo kazi hiyo haifanywi kwa kiberiti kimoja na kwenda nyumbani. Kwanza, huchomwa vipande, si uwanda wote. Ndama wa palahala katika majuma yake ya kwanza hafuatani na mama yake. Hulazwa amefichwa katika nyasi ndefu, na mama huja kumnyonyesha. Uwanda mzima ukichomwa kwa siku moja, mama atapata malisho na ndama atakosa maficho. Kwa hiyo kipande kimoja huchomwa mwaka huu, kingine huachwa, na mwaka mwingine hubadilishwa, ili zipatikane nyasi fupi na nyasi ndefu karibu karibu. Na tena vipande visiwe vidogo mno, maana wanyama wote wakijazana penye majani machache watayala mpaka mizizi.

Pili, huchaguliwa wakati. Jambo hili la wakati ndilo ambalo wengi hulidharau, basi tulikalie kidogo.

MOTO WA MAPEMA NA MOTO WA MWISHO

Nyasi zilizoanza kugeuka manjano, huku chini bado zina ubichi na udongo una unyevu, huungua polepole. Moto wake ni mfupi, huacha mabaka yasiyoungua, na usiku umande huuzima. Huu huitwa moto wa mapema. Nyasi zile zile zikiachwa mpaka mwisho wa kiangazi, zikawa kavu kama karatasi, na upepo ukavuma, moto wake huwa mrefu kuliko mtu. Hupanda mitini, huua miche, huingia katika mashimo ya miti mikubwa ukakaa humo siku kadhaa. Huu ni moto wa mwisho.

Kama mtu ana shaka juu ya tofauti hiyo, Ndola katika nchi ya Zambia kuna ushahidi wa zamani. Mwaka 1933 wataalamu wa huko waligawa msitu wa miombo katika viwanja. Vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine vilichomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka, na vingine vilikingwa na moto kabisa. Zaidi ya miaka 20 ilipopita, mtu aliyetembelea viwanja hivyo hakuhitaji kuelezwa. Palipochomwa mwisho wa kiangazi miti mikubwa ilikuwa imekwisha na nyasi zimetawala. Palipochomwa mapema miti ilikuwa bado imesimama. Palipokingwa msitu ulikuwa umefunga, na mimea ya kutambaa imeingia.

Mfano huu watuhusu, kwa sababu mrihi wetu, ule mti wa mchanga mweupe katika Arabuko-Sokoke, ni wa jamii ya miombo hiyo hiyo. Mtu aweza kusema, "Basi mrihi wastahimili moto wa mapema." Ndiyo, mrihi mkubwa hustahimili kidogo. Lakini fikiri: ni mwezi gani sisi wakulima wa Kilifi na Malindi huchoma mashamba? Ni Januari, Februari na Machi, kaskazi ikivuma, tukingojea masika. Yaani moto wetu wa desturi ni moto wa mwisho, ule ule uliomaliza miti kule Ndola.

SOKOKE SI UWANDA

Sasa tuingie katika msitu wetu. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba 420 hivi, na iliwekwa rasmi kuwa msitu wa Serikali mwaka 1943. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika ya Mashariki. Ndani yake mna misitu mitatu. Upande wa mashariki mna msitu wa miti mchanganyiko, wenye mbambakofi na wenzake. Katikati mna mrihi juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Magharibi, juu ya udongo mwekundu, mna mfunda pamoja na muhuhu, miti iliyosongamana hata mtu hupita kwa kuinama.

Chini ya miti hiyo hakuna nyasi za kutajika. Kuna majani makavu yaliyoanguka. Mtu akipita huona takataka, lakini takataka hizo ndizo ghala la msitu. Mchanga wa Sokoke hauna akiba nyingine ya chakula: jani huanguka, huoza, mizizi hulipokea. Likiungua, sehemu yake moja hubaki jivu, ambalo mvua ya kwanza huliteremsha chini ya mchanga au hulichukua, na sehemu nyingine hupanda angani pamoja na moshi. Mkulima aliyepata kufyeka na kuchoma katika udongo mwekundu wa Magarini ajua jambo hili vizuri, ingawa pengine hakulipa jina: mwaka wa kwanza mahindi hucheka, wa pili hununa, wa tatu muhogo ndio unaomsaidia.

Katika majani hayo makavu huishi mnyama ambaye wageni huvuka bahari kuja kumtazama, nasi twampita bila kumjali. Ni sengi mkubwa, mwenye pua ndefu ya kuchezacheza na makalio ya rangi ya dhahabu. Uzito wake ni kama nusu kilo. Chakula chake ni wadudu, jongoo na nyungunyungu anaowafukua chini ya majani, na kiota chake ni lundo la majani makavu juu ya ardhi. Duniani hapatikani ila katika misitu ya pwani ya Kenya, na nyumba yake kubwa ni hapa. Moto mdogo tu, hata usiofika magotini, humchomea chakula na nyumba kwa pamoja. Palahala moto humwandikia karamu, sengi humwacha maskini. Hii ndiyo sababu hatuwezi kutumia kanuni moja kwa wote wawili.

Kuna na hatari ya pili, isiyoonekana siku ile ya moto. Mfunda na miti mingine ya msitu mkavu haikujiandaa kwa moto kama nyasi. Ikifa, mwanga huingia. Mwanga ukiingia, nyasi huja. Na nyasi zikija, kiangazi kinachofuata kuna kuni nyepesi zinazongoja cheche. Moto wa kwanza huingia kwa shida, wa pili huingia kwa urahisi, wa tatu huwa desturi ya mahali hapo. Ndugu zetu wanaoishi upande wa Galana wamesikia habari za Tsavo: katika miaka ya 1950 na 1960 tembo waliangusha miti mingi, nyasi zikashika mahali pa vichaka, na pamoja na nyasi moto ukaja. Tembo walianza, moto ukaendeleza. Mpakani mwa Sokoke hapana haja ya kungoja tembo. Panga na kiberiti huifanya kazi hiyo upesi zaidi.

Misitu ya kaya ni dhaifu zaidi kwa kuwa ni midogo. Kaya Fungo, Kauma, Jibana, Kambe, Ribe na Rabai, zilizoandikwa pamoja na nyingine katika urithi wa dunia mwaka 2008, ni misitu ambayo mtu aweza kuizunguka kwa miguu. Moto wa jioni moja waweza kula ukingo uliolindwa na wazee kwa vizazi. Wazee wa kaya hawakusoma vitabu vya Ndola, lakini miiko yao juu ya kukata na kuharibu ndiyo iliyotuachia misitu hiyo, na kwa maoni yetu hakuna bwana misitu aliyepata kuandika kanuni iliyoshikwa kwa muda mrefu kama hiyo.

Na tusisahau nchi ya Dakatcha, magharibi ya Malindi. Kuna ndege mmoja wa jamii ya kwera, mwenye rangi nyeusi na manjano, anayeitwa kwera wa Kilifi kwa kuwa hapatikani nje ya wilaya zetu hizi. Wataalamu walimwandika mwaka 1913, wakamtafutia kiota miaka 100 bila kukiona. Kilionekana mwaka 2013, huko Dakatcha, katika majani ya kidimbwi kinachojaa wakati wa mvua. Kiangazi, kidimbwi kama hicho huonekana kuwa majani makavu yasiyo na mwenyewe, na mchungaji au mrina asali hupita akayatia moto bila nia mbaya. Hajui amechoma kijiji cha ndege ambacho dunia ilikitafuta karne nzima.

"LAKINI NGURUWE JE?"

Sasa twamsikia mkulima akisema: "Maneno hayo ya sengi na kwera ni mazuri. Lakini mimi nina mahindi, na nguruwe wanalala katika kichaka cha mpakani. Nisipokichoma, watakula jasho langu." Hili ni neno la haki, na mtu anayelicheka hajawahi kulala dunguni.

Ila moto si dawa ya nguruwe. Kumbuka tulivyosema juu ya Shimba: mahali palipochomwa huchipuka majani mabichi, na majani mabichi huita wanyama. Wataalamu wa Shimba wachoma ili palahala waje. Wewe ukichoma mpaka wako, umetandika mkeka na kualika wageni hatua chache kutoka mahindi yako. Panya nao, waliosalimika katika mashimo, wakikuta nje hakuna mbegu wala maficho, huhamia penye chakula, na penye chakula ni ghalani kwako.

Dawa iliyo bora ni panga na jembe. Nguruwe na nyani hupenda kufika shambani chini ya kivuli. Hawapendi kuvuka mahali peupe ambapo mlinzi au mbwa atawaona. Safisha ukanda upande wa ndani wa mpaka wako, upana wa hatua 10, ukiupalilia ubaki mweupe wakati wote mahindi yako shambani. Ukanda huo una faida mbili kwa jasho moja. Wakati wa mahindi ni kizuizi cha nguruwe, na wakati wa kiangazi ni kizuizi cha moto, uwe unatoka kwako au unakuja kwako. Usiukate ndani ya msitu wa Serikali. Ni shamba lako ndilo utakalolisafisha.

NAMNA YA KUCHOMA KINACHOLAZIMU KUCHOMWA

Hatusemi mkulima asiwashe moto kamwe. Visiki, miiba na mabua yenye wadudu pengine hapana budi kuchomwa. Lakini kwanza jiulize ni kiasi gani cha kweli kinacholazimu. Matawi membamba na majani yafaa kupangwa kwa mistari ya kukingama mteremko, yazuie udongo usichukuliwe na maji na yaoze pole pole. Nyasi zafaa kufunika shina la mnazi mchanga na mwembe mchanga. Vigogo ni kuni, na kuni siku hizi ni fedha. Ukishatoa hivyo vyote, utaona lundo la kuchoma limebaki dogo.

Kusanya kilichobaki kwa marundo madogo katikati ya shamba, mbali na mpaka, mbali na nyumba za makuti, na mbali na mikorosho. Mkorosho hasa una hatari: chini yake hujaa majani makavu, na msimu wa kuokota korosho, kuanzia Novemba hivi hadi mwanzo wa mwaka, ndio msimu wenyewe wa kiangazi. Moto ukipita hapo umechoma mti na mavuno yaliyo chini yake. Fagia majani kuzunguka shina hatua 3 au 4 kabla hujawaza kiberiti.

Usichome kabla ya mvua. Funika marundo yako kwa makuti, ungoje manyunyu ya kwanza. Nyasi za jirani zitalowa na rundo lako litakuwa kavu ndani, ndipo liwashe. Wengi huogopa ya kuwa watachelewa kupanda. Lakini rundo dogo katikati ya shamba halimzuii mtu kupanda pembeni.

Upepo twauzungumza kwa urefu, kwa kuwa hapa kwetu una tabia yake. Tazama jinsi nchi ilivyokaa. Mashamba ya Roka, Matsangoni, Mida na Gede yako kati ya bahari na msitu. Mchana upepo hutoka baharini, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi nguvu. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na kusi hutoka kusini-mashariki. Yaani kwa mtu wa Roka, msimu wowote awao, upepo wa mchana humchukulia cheche zake moja kwa moja mpaka msituni. Kwa mtu wa Dida, upande wa pili, mambo ni kinyume: moto ulioshika msituni huja kwake. Kwa hiyo mtu wa Roka anayechoma saa 6 mchana anachezea nyumba ya mtu wa Dida asiyemjua hata kwa sura.

Washa jioni, kama saa 11, upepo unapoanza kulegea na umande u karibu kushuka. Moto wa asubuhi, hata ukionekana umetulia, una mchana mzima wa jua na upepo mbele yake. Washa rundo moja kwanza, ulitazame moshi wake unakwenda wapi. Kama moshi unalala chini na kukimbia, zima, urudi siku nyingine. Kama unapanda juu, endelea na rundo la pili. Ikiwa ni kipande cha majani na si rundo, anzia upande ambao upepo unakwenda, ili moto urudi nyuma pole pole ukipingana na upepo; usianzie upande upepo unakotoka, kwa kuwa hapo utaukimbiza mwenyewe kisha ushindwe kuukamata.

Wawepo watu wazima wasiopungua 4, wenye majembe, matawi mabichi, magunia yaliyoloweshwa na madebe ya maji. Watoto wasitumwe kazi hii. Na asiondoke mtu mpaka jivu limegeuzwa kwa jembe na kumwagiwa maji au kufunikwa udongo. Kisiki cha mnazi na kigogo kilichooza huficha kaa siku 2 au 3, na upepo wa mchana wa pili hulifufua.

Warina asali na wachoma makaa nao wajihesabu. Mwenge unaotupwa chini baada ya kurina, na tanuri la makaa lililoachwa bila mlinzi, ni moto usio na mpaka wala saa. Mwenye mizinga ya kisasa karibu na nyumba hana haja ya mwenge msituni.

MDOMO NI BORA KULIKO KIBERITI

Mwisho, kwa wale walio na nyasi za kweli, katika nchi kavu ya Magarini na nyuma ya Vitengeni, kuna somo zuri kutoka Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu wa huko walikuwa kama robo milioni tu, kwa sababu ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiua ndama wao. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka hata kwa nyumbu, na kufika mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Midomo hiyo yote ilikula nyasi ambazo zamani ziliachwa zikauke. Basi mioto ikapungua, na miti ikaanza kurudi mahali ilipokuwa imetoweka.

Nyasi iliyoliwa haiungui. Ng'ombe, mbuzi na mundu waweza kukufanyia kazi ambayo wengine huifanya kwa moto, na mwisho wake wapata maziwa, samadi na nyasi za kuezekea badala ya jivu. Ikiwa huna mifugo, mwite jirani mwenye mifugo alishe ukanda wako wa mpakani kabla haujakauka. Mpatane, maana yeye apata malisho nawe wapata usalama.

Faida ya msitu usioungua yaonekana Gede. Tangu mwaka 1993, katika kazi ya Kipepeo, wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yao yaliyojifunga, yakapelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Vipepeo wazazi hutoka msituni, na majani wanayokula viwavi ni ya miti ya msitu. Nyuki nao hufuata maua ya msitu. Mkulima wa namna hiyo akiona moshi upande wa msitu hashangilii.

Kuhusu sheria: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza mtu kutia moto nyasi au vichaka ndani ya msitu wa umma bila kibali. Anayetaka kuchoma marundo katika shamba lililopakana na msitu na awape habari kwanza majirani wa pande zote, mzee wa mtaa, na kituo cha misitu kilicho karibu, kama ni Gede, Jilore au Sokoke, akitaja siku na saa. Akiona moto usio na mwenyewe, apeleke habari mara moja kwa kituo hicho au kwa askari wa wanyamapori, bila kungoja kujua ni nani aliyeuwasha.